Baada ya Eda: Ujane na Maisha Mapya katika Pwani ya Waswahili

Ujane katika pwani ya Afrika Mashariki umezoea kuandikwa kama habari ya huzuni tu, na msomaji wa vitabu vya wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 aghalabu hukutana na mwanamke aliyefiwa akiwa amefungiwa chumbani, amevuliwa mapambo, haonekani wala hasikiki. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari, kwa sababu inamwacha mwanamke huyo mle chumbani na kumsahau, ilhali kutoka kwake kulikuwa na siku maalumu iliyojulikana mtaa mzima tangu maiti alipozikwa. Nusu ya pili, yaani namna mjane alivyotoka ndani na kupata riziki, heshima na furaha katika miaka iliyobaki, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi miji ya Waswahili ilivyofikiri juu ya ndoa, mali na umri wa mwanamke.

Msingi wa mambo yote ni eda, yaani muda ambao mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mumewe hukaa bila kuolewa wala kuposwa waziwazi, akijiepusha na manukato, wanja, hina na nguo za fahari. Muda huo umewekwa na Kurani katika aya ya 234 ya sura ya Al-Baqara kuwa miezi minne na siku kumi, ambayo kwa miezi ya mwandamo ni siku 128 hivi, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye eda yake huisha anapojifungua. Watu wa leo huuona muda huo kuwa mrefu, lakini uliposhuka ulikuwa nafuu, kwa kuwa Waarabu wa kabla ya Uislamu, kama Hadithi zinavyosimulia, walimweka mjane mwaka mzima katika kijumba kidogo, amevaa nguo zake mbovu kuliko zote, na alipotoka alipewa kinyesi cha mnyama akitupe, iwe ishara ya kwamba msiba umekwisha. Sheria mpya ilipunguza muda na kuondoa udhalilishaji huo, na zaidi ya yote iliiwekea huzuni mpaka ambao ndugu wa marehemu hawakuwa na haki ya kuusogeza.

Hata hivyo, yaliyotendeka Lamu, Mombasa, Unguja na katika miji ya Mrima, yaani ukanda wa bara unaoielekea Unguja, yalizidi yaliyoandikwa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili walio wengi, humruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima, lakini katika nyumba za waungwana kutoka huko kulihesabiwa kuwa aibu kubwa, na kizuka, kama alivyoitwa mwanamke aliyekaa eda ya kufiwa, hakutarajiwa kuonekana hata barazani. Watu walilala matanga siku za mwanzo, hitima ikasomwa, arubaini ikafika, kisha wageni wakarudi makwao na vyombo vya kuazima vikarudishwa kwa wenyewe, huku kizuka akiwa bado na karibu miezi mitatu mbele yake. Hapo ndipo alipohitajiwa mwanamke mtu mzima wa kukaa naye, ambaye mara nyingi alikuwa mjane wa zamani, na si kosa kusema kwamba faraja kubwa ya eda ilikuwa kukaa siku nyingi na mtu aliyekwisha kuyapitia yote hayo na bado anacheka.

Hadhi ya kijamii nayo iliingia katika hesabu ya msiba. Kwa sheria ya wakati ule mjakazi aliyefiwa na mumewe alikaa nusu ya muda wa muungwana, yaani miezi miwili na siku tano, na mwanamke aliyelima au kuchota maji kwa ajili ya watu wengine hakuwa na nafasi ya kujifungia hata kama moyo wake ulitaka. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na tangu hapo kukaa eda kamili, ndani, kwa kuhudumiwa, kukawa wazi kwa wanawake ambao bibi zao hawakuijua anasa hiyo. Neno anasa hapa si kejeli, kwa maana kuruhusiwa kuhuzunika bila kufanya kazi kumekuwa fungu la wachache katika historia ya karibu kila jamii.

Namna eda ilivyofungwa imeelezwa kwa karibu na shahidi asiye wa kawaida. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli mwezi wa Oktoba mwaka 1856, akawaacha mke na masuria wengi, ambao wote kwa pamoja waliingia katika kipindi cha maombolezo ndani ya majumba ya kifalme. Binti yake Salme, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi, aliyaandika baadaye mambo hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia wajane waliovaa nguo za msiba na kukaa katika vyumba vyenye giza, kisha anasimulia siku ya kutoka, ambapo kila mmoja alioshwa mwili mzima tangu kichwani, huku wajakazi wakiwa wamesimama nyuma yake na kugonganisha mapanga mawili juu ya kichwa chake, na maskini asiye na panga alitumia chuma chochote alichokuwa nacho. Baada ya hapo nguo za msiba zilivuliwa na mwanamke akawa huru kuolewa tena. Mtu hahitaji kutafuta maana ya siri katika mlio wa vyuma hivyo ili aone kazi yake, kwa sababu sauti ile ilisikika nje ya chumba, na kila aliyeisikia alijua kwamba mwanamke fulani amerudi kwa watu.

Salme mwenyewe alikuja kufiwa, lakini mbali na panga na birika. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily na kuhamia Hamburg, na mwezi wa Agosti mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya kukokotwa na farasi, akamwachia watoto watatu wadogo. Sheria ya mji ule haikumpa mjane mamlaka ya peke yake juu ya mali ya mumewe wala juu ya watoto, bali iliweka wasimamizi wanaume, na sehemu kubwa ya mali ikapotea. Katika barua alizoziandika bila kuzipeleka popote, ambazo zilichapishwa mwishoni mwa karne ya 20, Salme anaonekana akiwa katika msiba usio na siku ya mwisho, katika mji ambao watu walimpa pole na kumwacha. Aliyempa uhai mpya ni lugha yake, kwani aliishi kwa kufundisha Kiarabu na Kiswahili, akahama mji hadi mji, akaandika kitabu kilichosomwa Ulaya nzima, akakaa Beirut zaidi ya miaka 20, na akafariki Jena mwaka 1924. Ni vigumu kuyaita maisha hayo ya furaha, na mwandishi anayeyapamba huyafanyia dhuluma. Lakini kwamba aliyegharimia malezi ya wanawe ni mwanamke aliyeuza ujuzi wa lugha za nyumbani kwao, hilo halina ubishi.

Tofauti kati ya Salme wa Hamburg na mjane wa Lamu haikuwa ya kidini tu, ilikuwa ya nyumba. Katika familia za waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba ya mawe, au ghorofa ya nyumba, anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia, hivi kwamba mwanamume alikuwa kama mgeni wa heshima katika nyumba ya mkewe. Alipokufa, hakukuwa na shemeji wa kuja kudai funguo. Zaidi ya hayo, mahari ambayo haikulipwa yote ilihesabiwa kuwa deni la marehemu na ilitolewa kabla ya mirathi kugawanywa, na dhahabu aliyopewa mke ilikuwa yake mwenyewe. Mirathi yenyewe ilikuwa ndogo: ikiwa baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia zimebaki rupia 800, mjane alipata thumuni, yaani rupia 100, ikiwa marehemu aliacha watoto, au robo, yaani rupia 200, ikiwa hakuacha mtoto, na pale wajane walipokuwa wawili au zaidi waligawana fungu hilohilo. Thumuni haikumtajirisha mtu, lakini ilikuwa fungu linalojulikana, ambalo kadhi angeweza kulihukumia, na wanawake wa Unguja na Mombasa walikwenda kwa kadhi kulidai bila kuona haya. Kumbukumbu za wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili mapato yake yatumike kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi fulani, zimejaa majina ya wanawake walioweka wakfu mashamba ya minazi na nyumba kwa ajili ya watoto wao, au watumwa waliowaacha huru.

Mambo hayo yakilinganishwa na ya bara, tofauti huonekana mara moja. Katika jamii nyingi za bara mjane alihesabiwa kuwa sehemu ya ukoo uliomtolea mahari, akarithiwa na ndugu wa marehemu au akaondoka mikono mitupu, na hali hiyo iliandikwa rasmi katika Tanganyika mwaka 1963 pale sheria za kimila zilipokusanywa na kutangazwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 68, ilimpa mjane uhuru wa kukaa anapotaka na kuolewa na mtu amtakaye, au kutoolewa kabisa, bila kujali mila. Lakini uhuru wa kukaa unapotaka bila nyumba ya kukaa ni nusu ya uhuru, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wawili waliofukuzwa na wakwe kwa mujibu wa mila hizohizo za urithi.

Ushahidi wa ndani zaidi kuhusu mjane wa pwani katika karne ya 19 umetoka Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, na unahusu mwaka uleule wa 1856. Katika mwaka huo alifariki Bwana Mataka, mtawala wa Siyu ambaye kwa miaka mingi aliyazuia majeshi ya Seyyid Said yasiuteke mji wake, na hivyo mahasimu wawili waliwaacha wajane katika mwaka mmoja. Mmoja wa wajane wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hana umri mrefu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake Mwana Hashima, ambao ndio maarufu kuliko tungo zote za wanawake katika Kiswahili cha kale, na ambao ulienea kwa nakala za mkono kabla ya kuhaririwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934.

Wahakiki wa siku hizi hubishana kama utendi huo unamfundisha mwanamke utiifu au unamfundisha ujanja wa kuishi na mume, na ubishi huo una uzito wake, ila umewafanya wengi wasahau hali ya mtungaji. Anayesema ni mwanamke asiye na mume. Anapoeleza jinsi ya kumpokea mume, kumpumzisha, kumpikia na kuzungumza naye, hasemi habari za kesho yake mwenyewe, bali anakusanya miaka ya ndoa iliyokwisha na kuigeuza kuwa elimu, na anapotaja kwamba marehemu alimwaga akiwa radhi naye anataja shahada ya ualimu wake. Tena hakumtungia binti yake pekee, kwani ndani ya utendi anawaita wanawake wengine wausome, na sala ndefu ya mwishoni inawahusu watoto, ndugu na Waislamu wote. Ujane ulimpa cheo ambacho ndoa haikuweza kumpa, cha mtu aliyekwisha kuhitimu. Aliishi muda mfupi tu baada ya hapo. Binti yake aliishi hadi karne ya 20.

Kwa wanaume desturi ilikuwa nyepesi, na kwa hiyo maskini. Sheria haimwekei mwanamume eda, naye angeweza kuoa hata kabla ya arubaini, na tiba ambayo jamii ilimpa ilikuwa ileile ya kumtafutia mke mwingine. Labda ndiyo sababu maombolezo ya mume kwa mke yalichelewa kupata nafasi katika maandishi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alikivunja kimya hicho alipofiwa na mkewe Amina, kwa shairi linalobeba jina la marehemu na kwa masimulizi ya Maisha Yangu, kitabu ambamo mwandishi anayetambulika kwa hekima na nasaha anaonekana akiwa mume aliyebaki na watoto. Yeye pia alitunga utenzi wa kumuusia binti na mwingine wa kumuusia mwana, kwa njia iliyomkumbusha kila msomaji Mwana Kupona, na inafaa kusemwa kwamba katika Kiswahili nasaha kwa watoto zimekuwa mahali ambapo mzazi aliyefiwa huruhusiwa kusema juu ya mapenzi bila kuonekana mpungufu wa haya.

Wajane wengi hawakuwa watunzi, na maisha yao mapya yalianza na kazi ya mikono. Kazi zilizofaa zilikuwa zile za kufanywa mtu akiwa amekaa ndani, jambo lililomaanisha kwamba ziliweza kuanza hata eda ikiwa haijaisha: kusuka ukili wa mikeka kwa miyaa, kushona nguo, na hasa kudarizi kofia. Kofia ya vito ilishonwa kwa tabaka mbili za kitambaa cheupe, ambamo vijitundu vidogo vilitobolewa kimoja kimoja kufuata mchoro, kisha kila kimoja kikazungushiwa uzi hadi ukingo wake ukawa mgumu, na kofia moja nzuri ilichukua wiki nyingi. Baada ya eda ziliongezeka kazi za nje au za mlangoni, kama vile kuchoma vitumbua alfajiri na kumtuma mtoto na sinia, au kufundisha Kurani watoto wa kike wa mtaani. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 20, mtaa wa Majengo ulipokua, wanawake wenye akiba kidogo walijenga nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, wakakaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na kwa namna hiyo mwanamke asiye na mume akawa mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wanaume walimwamkia shikamoo kila asubuhi.

Cheo kingine kilikuwa cha ukungwi. Kungwi, ambaye pia huitwa somo, ni mwanamke anayemfunza mwari mambo ya utu uzima na kumwongoza bibi harusi, na hakuna aliyemtaka kungwi asiyeijua ndoa. Mjane mwenye sifa nzuri aliitwa kutoka nyumba hadi nyumba, akapewa zawadi za nguo na fedha, akaimba na kucheza usiku kucha miongoni mwa wanawake, na kwa mizaha yake ya wazi wazi akawafundisha wasichana mambo ambayo mama zao hawakuweza kuyatamka. Hapa furaha ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Furaha iliyoonekana zaidi hadharani ilikuwa lelemama, ngoma ya wanawake waliojipanga mstari, wamevaa sare, wakitikisa mabega na mikono taratibu huku wakiimba nyimbo za mafumbo dhidi ya kundi hasimu. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyewahoji wanawake wa Mombasa katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na vyeo vya kununuliwa kwa karamu, michango ya harusi na mazishi, na ushindani uliowala wanachama fedha nyingi. Wazee wa kiume na masheikh walilalamika kuhusu israfu, na hawakukosea kwa hesabu ya fedha. Hawakuona, au hawakutaka kuona, kwamba chama kilimlisha mwanachama alipofiwa, kikamkosa kwa miezi minne na siku kumi, kisha kikampokea tena kwa sare mpya. Kufikia miaka ya 1950 hamasa hiyo iliingia katika vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu mjini humo, vilivyodai elimu ya wasichana na kura kwa wanawake, na uhasama wa ngoma ukaingia navyo.

Dar es Salaam ilikuwa na habari inayofanana. Chama cha TANU kilipotafuta wanachama wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mji, na katika muda mfupi sehemu ya wanawake ikawa na wanachama wengi kupita matarajio ya wanaume. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyekusanya masimulizi ya wanawake hao, aliona kwamba waliokuwa mstari wa mbele walikuwa aghalabu Waislamu wa makamo, wenye elimu ndogo ya shule, wauzaji wa vyakula au wenye vyumba vya kupangisha, na si wachache kati yao walikuwa wameachika au wamefiwa. Sababu ni rahisi. Mke kijana alihitaji ruhusa ya mumewe ili aende mkutanoni usiku, na waume wengi, hata wale wenye kadi za TANU, hawakuitoa. Mjane mwenye nyumba Kariakoo au Ilala hakuwa na wa kumwomba, alikuwa na mtaa mzima uliomjua kwa misiba na harusi, na alizoea kugonga milango ya watu kukusanya michango, kwa hiyo kadi za chama ziliuzwa kwa njia zilezile za upatu na matanga.